Subaru ya turbo kama gari la kila siku: injini itavumilia nguvu kiasi gani?

Fungua kifuniko cha tangi la Impreza WRX iliyokuja kwa meli kutoka Japani. Kama hakijabanduka, utakuta hapo kibandiko kidogo chenye maandishi ya Kijapani ambayo wanunuzi wengi hawayasomi wala hawaulizi maana yake. Kinachosemwa ni kwamba gari hili linywe petroli ya daraja la juu. Kwa sheria za viwango za Japani, daraja hilo ni okteni isiyopungua 96, na kwenye pampu nyingi za huko kiwango halisi hukaribia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu, iwe Nairobi, Arusha au Kampala, haifiki huko.

Kibandiko hicho kina mambo mengi kuliko mabishano ya vijiweni kuhusu nguvu na uimara. Watu hubishana turbo gani, ekzosi gani, presha kiasi gani, kana kwamba kila gari huanza na salio lile lile na mwenye gari anachagua tu atumie kiasi gani. Kiwanda kiliacha akiba kati ya kazi ambayo injini inafanya na kazi itakayoivunja. Akiba hiyo ilipimwa kwa petroli ya Japani, hewa ya Japani na ratiba ya huduma ya Japani. Gari likitua bandarini Mombasa au Dar es Salaam, sehemu yake imeshaliwa kabla fundi hajagusa spana. Ndiyo maana mtu anayeuliza aongeze farasi wangapi namrudisha kwanza kwenye swali la kimebaki nini.

Nitajikita kwenye injini ya EJ kwa sababu ndiyo iliyojaa barabarani. EJ20 ya sentimita za ujazo 1,994 ilianza na Legacy ya 1989 na ikadumu kwenye STI (matoleo makali ya WRX) za Japani hadi 2019. Ndugu yake EJ25 ya turbo ina 2,457. Hizo mbili ndizo utakazozikuta ndani ya WRX, STI, Legacy GT na Forester za XT, zile ambazo mwenyewe hukuambia ni gari la familia huku kofia ya injini ina tundu la kunyonyea hewa. Forester XT za karibuni zenye FA20 ni habari nyingine: zina cheni badala ya mkanda, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na giaboksi yao isiyo na gia za kawaida huweka mpaka wa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, mapema kuliko injini.

Hewa ya Nairobi na hewa ya Mombasa

Turbo hutumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha panga upande mmoja, na shafti ile ile ikazungusha panga la pili linalosukuma hewa kuelekea kwenye silinda. Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Hewa ikiwa nyingi, petroli huongezwa, na moto unakuwa mkubwa. Hadi hapo kila mtu anaelewa. Kinachosahaulika ni kwamba turbo huanza na hewa iliyopo nje, na hewa ya nje haifanani kila mahali.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Presha ya anga huku ni kama bar 0.82, wakati Mombasa ni bar 1 na chembe. Geji ya turbo uliyobandika juu ya dashibodi haikuambii hilo, maana hupima tofauti tu kati ya presha ya ndani ya mabomba na ile ya nje. Ikisoma bar 1 Mombasa, injini inalishwa bar 2. Ikisoma bar 1 Nairobi, injini inapata 1.82. Dereva aliyezoea gari la Pwani analiona limelegea, analipeleka kwa fundi, fundi anapandisha presha hadi 1.2, nguvu zinarudi na pesa zinalipwa.

Sasa tazama turbo yenyewe imepewa kazi gani. Pwani, ili ifikishe bar 2, inaibana hewa mara mbili. Nairobi, ili ifikishe bar 2 hizo hizo, lazima iibane karibu mara mbili na nusu. Na hewa ikibanwa hupata joto. Chukua siku ya nyuzi 25 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, ambayo ni turbo nzuri kabisa. Hewa iliyobanwa mara mbili itatoka ikiwa na nyuzi 120 hivi. Iliyobanwa karibu mara mbili na nusu itatoka ikikaribia nyuzi 150. Nguvu unazopata ni zile zile za Mombasa, ila intakula, kile kipozeo cha hewa ya turbo, imekabidhiwa hewa yenye joto zaidi kwa nyuzi 30, na turbo inazunguka kwa kasi ambayo haikupaswa kuizoea. Turbo ndogo ikisukumwa hivyo huvuka eneo inalofanya kazi vizuri, ufanisi unashuka, na joto linapanda tena.

Wahandisi wa Subaru hawakulisahau jambo hili. Kompyuta ya injini kwenye magari mengi ya miaka ya 2000 ina sensa ya presha ya anga pamoja na jedwali linalopunguza lengo la turbo gari likipanda milimani. Ule ulegevu anaoulalamikia mwenye gari ni wa makusudi. Fundi anayelifuta jedwali hilo ili gari "liamke" ameondoa kinga moja bila kukuambia.

Halafu sikukuu zinafika na gari linashuka Pwani. Kama ramani ya kompyuta, yaani majedwali ya presha, petroli na cheche inayoyafuata, iliandikwa Nairobi bila kujali mwinuko, geji itaendelea kusoma 1.2, lakini kufika Mariakani injini haipati tena bar 2. Inapata 2.2, kwenye hewa ya nyuzi 32 na petroli iliyotiwa kituo chochote cha njiani. Jedwali la muda wa cheche hupangwa kwa kiasi cha hewa kinachoingia silindani, na gari sasa limeingia kwenye safu za jedwali ambazo fundi hakuwahi kuzipima, kwa sababu Nairobi gari halikuweza kuzifikia. Pale namba ni za kukisia. Fundi anayeijua kazi atakuuliza, kabla hajafungua kompyuta yake, kama gari hili husafiri na linasafiri kwenda wapi. Asipouliza, mwambie wewe.

Mlipuko kabla ya wakati

Ndani ya silinda yenye afya, plagi hutoa cheche, moto unaanzia hapo na kusambaa kwa mpangilio hadi ukuta wa silinda, presha inapanda taratibu na kuisukuma pistoni chini. Joto na presha vikizidi, mchanganyiko uliobaki pembeni hauungoji moto uufikie. Unalipuka wenyewe, wote kwa pamoja. Presha inaruka ghafla na mshindo wake unapiga pistoni. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kuvumilia bila kulipuka hivyo, basi.

Pistoni za kiwandani za EJ nyingi ni za kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Ni nyepesi na hazitanuki sana, hivyo injini haipigi kelele asubuhi ikiwa baridi, lakini hazipendi kugongwa. Kinachovunjika kwanza huwa ni ule mwembamba wa chuma kati ya ringi moja na nyingine. Gari haliwezi kukufia barabarani siku hiyo. Litaanza kula oili, litatoa moshi wa buluu kidogo, injini itatetemeka gari likisimama kwenye taa nyekundu, na mwenyewe atabadilisha plagi mara mbili kabla ya mtu kupima mgandamizo na kukuta silinda moja imelala. EJ25 ndiyo inayosifika vibaya kwa jambo hili. EJ20 ina silinda nyembamba zaidi, za milimita 92 dhidi ya 99.5, na inavumilia zaidi, ingawa nayo ina kikomo.

Kwenye petroli tuna shida mbili. Ya kwanza ni okteni ya kawaida niliyokwisha kuitaja. Ya pili ni uchakachuaji. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, na yakichanganywa kidogo tu kwenye petroli huiangusha. Serikali zinalijua tatizo hili: Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikatoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wasione faida. Hali imepata nafuu. Bado gari la turbo lenye ramani kali ndilo litakalogundua tangi baya kabla ya Vitz ya jirani.

Kompyuta ya Subaru ina sikio. Ni sensa iliyofungwa kwenye bloku, inayosikiliza mlio wa milipuko hiyo, na ikiusikia huchelewesha cheche. Zaidi ya hapo huweka kumbukumbu. Ndani yake kuna alama ya imani, ambayo kwenye matoleo mengi ya baadaye huenda kutoka 0 hadi 1. Ikiwa 1, kompyuta inaamini petroli iliyomo na inatumia cheche yote iliyopangiwa. Ikishuka, imeshasikia kitu kibaya na imerudi nyuma. Unaweza kuisoma kwa kebo na programu ya kawaida kwenye laptopu: unaingia barabara iliyo wazi, gia ya tatu, unakanyaga kuanzia mizunguko 2,500 hadi karibu 6,000, mwenzako anashika laptopu. Kisha mnasimama pembeni na kuangalia mistari. Alama ikiwa 1 na marekebisho ya cheche yakiwa sifuri au karibu na hapo, sawa. Ikiwa 0.6, hata kama gari linaruka kama mkizi, kuna jambo. Kusoma huko kunachukua dakika chache na ndiyo huduma ninayoiona inapuuzwa kuliko zote. Watu hulipia sailensa ya mamia ya dola na hawana kebo.

Kuna wakati mmoja wa hatari usiotajwa kwenye matangazo ya turbo, nao ni dakika ya kwanza baada ya foleni. Intakula ya Subaru imelala juu kabisa ya injini na hupozwa na hewa inayoingia kwenye tundu la kofia. Gari likikwama nusu saa barabara ya Thika au Mandela, hakuna hewa inayoingia. Intakula inapikwa na joto la injini iliyo chini yake hadi inakuwa kipasha joto badala ya kipozeo. Foleni inafunguka, dereva amechoshwa, anakanyaga hadi mwisho. Hewa inayoingia wakati huo ndiyo ya moto kuliko ya saa zima lililopita. Mpe gari kilomita moja au mbili za mwendo wa kawaida kwanza. Hiyo ni bure.

Bomba la hewa na hesabu za petroli

Kosa linalofanyika kwa nia njema ni kubadilisha bomba la kuingizia hewa. Linang'aa, linatoa mlio wa kunyonya, na dukani huambiwa linaongeza farasi. Ndani ya bomba la asili kuna sensa inayopima hewa, lakini haipimi hewa yote. Inapima hewa inayoipitia yenyewe, kisha kompyuta inakokotoa jumla kwa kuwa inaujua upana wa bomba. Sasa weka bomba pana zaidi, tuseme kutoka milimita 70 kwenda 77. Eneo limeongezeka kwa asilimia 21, hewa ile ile inapita polepole zaidi mbele ya sensa, sensa inaripoti pungufu, na kompyuta inatoa petroli pungufu. Injini iliyopangiwa kuungua na sehemu 11 za hewa kwa moja ya petroli inajikuta na sehemu 13 na zaidi, chini ya presha kamili. Gari linaweza kuonekana limechangamka. Limechangamka kweli, kwa muda.

Ekzosi ina tatizo la namna nyingine. Ukiondoa bomba la kiwandani linalofuata turbo na kuweka pana lisilo na kichujio cha moshi, turbo inapumua vizuri na inaweza kupandisha presha kuliko ile westigeti, mlango unaopitisha moshi uliozidi kando ya turbo, inavyoweza kumwaga. Ukiona geji inapanda yenyewe mizunguko ikikaribia mwisho, ndiyo hiyo. Bomba hilo si baya. Ni moja ya vitu vichache vinavyoongeza nguvu na kupunguza joto kwa wakati mmoja. Ila linadai ramani mpya ya kompyuta siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi mshahara ukitoka.

Vali ya kutoa hewa nje, ile ya "pshhh" kila unapobadilisha gia, haikupi chochote kwenye Subaru. Hewa inayomwagwa imeshahesabiwa na sensa, hivyo petroli yake inatolewa bure na plagi zinapata masizi. Na ile milio ya bunduki inayofurahisha vijana wa Nairobi usiku ni petroli inayounguzwa makusudi ndani ya ekzosi. Moto huo unapita kwenye vali za kutolea moshi na panga la turbo. Kwa gari la maonyesho, sawa. Kwa gari litakalompeleka mtoto shule kesho asubuhi, sioni hesabu yake.

Oili ndiyo inayoua nyingi

Mabishano mengi yako kwenye presha na petroli, lakini ukizungukia magereji utakuta EJ nyingi zimekufa kwa oili. Mafundi watakuambia injini imenoki: beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na shafti kuu, imekwisha na kuna mlio wa nyundo unaofuata mizunguko. Injini hizi zimelala, pistoni mbili kila upande, na chini yake kuna sampu, bakuli la oili, isiyo na kina kirefu. Nyingi hunywa oili kidogo hata zikiwa nzima. Mwenye gari anabadilisha oili kila kilomita 5,000, anajiona mwaminifu, na katikati hafungui kofia. Kilomita ya 4,000 kipimo kiko chini ya alama, anaingia mzunguko wa barabara kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu na bomba la kunyonyea linavuta hewa. Sekunde mbili za hivyo kwenye mizunguko 5,000 zinatosha kuanza kuilamba beringi.

Basi kijiti cha oili kichomolewe kila unapojaza tangi, gari likiwa limesimama tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Kwenye EJ kijiti hiki ni kisumbufu. Oili hupaka pande zote na huwezi kujua usome wapi. Kifute, kirudishe, kisome pande zote mbili, na uamini upande unaosoma chini.

Mambo mawili mengine ya oili huenda pamoja. Bomba la kunyonyea lililo ndani ya sampu limeungwa kwa kuchomelewa, na kwenye EJ limezoeleka kupata ufa pale kwenye kiungo; likipasuka, pampu inanyonya hewa hata sampu ikiwa imejaa. Na kwenye mrija unaopeleka oili kwenye turbo kuna boliti yenye kichujio cha wavu mdogo kuliko ukucha. Oili chafu hukiziba, turbo inakauka, shafti inajila, na vipande vyake vinarudi na oili hadi kwenye beringi za injini. Ndiyo maana injini zingine hufa wiki chache tu baada ya kufungiwa turbo mpya: aliyefunga hakusafisha mabomba wala kukagua boliti hiyo, na chuma cha turbo ya zamani bado kilikuwa kinazunguka ndani.

Joto la oili nalo lina saa zake. Geji ya maji hufika katikati mapema. Oili huchelewa, mara nyingi dakika kumi au zaidi za kuendesha. Usidai nguvu zote kabla ya hapo. Na ukifika nyumbani, kilomita ya mwisho iende pole ili turbo ipoe ikiwa bado inapata oili.

Maji ya bomba kwenye radieta ni wizi wa polepole. Weka kulanti sahihi. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwa kilomita 100,000, na kwa gari la mtumba usiliamini dashibodi: ukishalinunua, badilisha mkanda na roli zake, maana ukikatika vali zinagongana na pistoni.

Kiasi gani, basi?

Watu hupenda kutaja Safari Rally kuthibitisha kwamba Subaru haiuliki. Ni kweli Colin McRae alishinda Safari ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Kinachosahaulika ni kwamba magari yale yalibanwa na kanuni: hewa yote ya turbo ilipita kwenye tundu la milimita 34, na nguvu zikazuiwa kwenye farasi 300 hivi. Ushindi ulitoka kwenye torki iliyopatikana mapema, kwenye sapenshoni, na kwenye kikosi cha mafundi waliokuwa wakilingoja gari kituo baada ya kituo. Injini zenyewe zilifunguliwa na kujengwa upya mara kwa mara. Wewe una fundi mmoja, na Jumatatu ana foleni.

STI za Japani kwa miaka mingi ziliandikwa farasi 280, kwa sababu watengenezaji wa huko walikubaliana wasivuke hapo, makubaliano yaliyodumu hadi 2004. WRX za kizazi cha pili zilitoka na 250, Forester XT za wakati huo na 220. Maoni yangu, kwa injini ambayo haijafunguliwa, petroli ya vituo vyetu na mtu anayeendesha kila siku, ni kwamba nyongeza ya asilimia kumi hadi kumi na tano juu ya hizo namba ndiyo mwisho wa busara, na nyingi ya nyongeza hiyo itafutwe kwenye mizunguko ya juu kidogo. Kinachokunja konrodi na kuvunja pistoni ni presha ndani ya silinda, na hiyo hufika kilele pale torki inapofika kilele. Ramani inayomwaga torki yote kwenye mizunguko 2,800 inakupa kile kishindo cha mgongoni, na ndiyo inayoitesa injini kuliko zote. Ramani inayoipandisha torki taratibu na kuishikilia hadi 6,000 inaweza kukupa farasi wale wale kwenye karatasi ya kipimo huku silinda zikiumia kidogo. Mwombe fundi akuonyeshe mstari wa torki, si namba ya juu tu.

Mtu anayetaka 350 au 400 si mwendawazimu. Ila hapo anazungumzia kufungua injini: pistoni za kufuliwa badala ya za kumiminwa, beringi mpya, bomba la oili lililoimarishwa, pampu ya petroli na nozeli kubwa, radieta ya oili. Na akishamaliza hayo ndipo atakapogundua giaboksi. Ile ya gia tano ya WRX na Forester hupasuka meno klachi ikiachiwa kwa hasira. Ya gia sita ya STI ni ngumu zaidi na bei yake inaonyesha hivyo. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo EJ20 nyingi zilizopo zimeshapita mikono kadhaa, na bloku nzima isiyo na historia ya kufunguliwa inazidi kuwa adimu. Ukiwa nayo, ningefikiri mara mbili kuitoa kafara.

Pesa ikiwa ni ya kiasi, mimi ningeipanga hivi. Kwanza kipimo cha mgandamizo kwenye silinda zote nne na cha kuvuja, maana hakuna haja ya kutyuni injini iliyokwisha kuumia. Kisha mkanda, pampu ya maji, plagi halisi, mabomba ya mpira ya hewa na ya vakyumu ambayo kwa umri huu huwa yamepasuka na kuvujisha presha kimyakimya. Kisha kebo na geji ya presha ya oili. Baada ya hapo ekzosi na ramani ya kompyuta, kwa pamoja, iliyoandikwa kwa petroli mbaya kuliko ile unayotumia kawaida. Kikibaki kitu, kiende kwenye breki: pedi nzuri, mafuta ya breki mapya na mipira laini, kwa sababu ukitelemka Mai Mahiu nyuma ya lori, farasi 280 tayari ni wengi kwa breki zilizochakaa.